Mguu Mmoja wa Mama Mkwe

Mtu akikwambia biashara ya kuuza vitu nyumba kwa nyumba ni rahisi, muulize kama ameoa. Akisema ameoa, muulize ameoa wapi. Mimi hakuna aliyeniuliza. Niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililiacha katikati kwa sababu ya ng'ombe wa baba, kwa hivyo ukiniona nazunguka hapa na pale, nivumilie tu. Nitafika.

Ninakaa Migori. Nimeoa upande wa Homa Bay. Kwa mtu mwingine hiyo ni habari ya barabara, unapanda gari unashuka. Kwetu sisi Wajaluo ni habari ya macho na mikono. Ukishaoa, mama wa mke wako anakuwa maro wako, na maro humshiki mkono, humkodolei macho, hukai naye kiti kimoja. Miguu yake ndiyo kabisa: kwako wewe haipo. Anapita tu kama mashua. Na ubaya wa maro ni kwamba hawi mmoja. Dada zake ni maro. Wake za ndugu za baba mkwe ni maro. Baba mkwe wangu alikuwa na ndugu wengi, na hao ndugu walipenda kuoa, wengine mpaka uzeeni kabisa. Kwa hivyo mahali fulani huko Homa Bay kulikuwa na wanawake ambao sijawahi kuwaona, wengine wadogo kuliko binti zangu, na wote walikuwa mama zangu wakwe. Hilo nililijua. Kulijua na kulikumbuka ukiwa kazini ni vitu viwili.

Kazi yenyewe ilikuwa mafuta ya miguu. Kampuni sitaitaja. Mama mmoja wa suti alikuja kutufundisha katika ukumbi wa kukodi hapa mjini, akatupa chai na nusu mkate, akatuambia kwamba mafuta haya hayauzwi dukani, yanauzwa na mtu kwa mtu. Wewe unamleta mwenzako, mwenzako anamleta mwenzake, na aliye juu anakula kidogo kutoka kwa aliye chini. Mimi hiyo ya juu na chini sikuifuata sana. Kilichonishika ni pale aliposema, "Wazee wangu, huyu mteja hanunui mafuta. Ananunua maneno yenu."

Sasa, mwanamke akisimama mbele ya mzee kama mimi aseme kwamba maneno yangu yanaweza kununuliwa, unadhani nitarudi nyumbani kulala? Maisha yangu yote watu wananiambia ninyamaze. Mke wangu ananiambia. Mwalimu wa darasa la tatu aliniambia. Mganga mmoja wa meno aliniambia huku mkono wake ukiwa ndani ya mdomo wangu.

Tulipewa sheria moja, na hiyo ndiyo iliyokuja kuniua. Usipake miguu miwili. Paka mmoja. "Huo mwingine uacheni hivyo hivyo," mama wa suti alisema. "Mteja aende nyumbani mguu mmoja laini, mwingine magaga. Usiku atajigusa. Kesho atakutafuta."

Na ilikuwa kweli, ole wangu! Nilitembea. Nilikwenda Macalder, kwa wale wanaochimba dhahabu na kushinda ndani ya maji ya matope wakiosha mchanga, visigino vyao ungeweza kupanda mahindi kwenye nyufa. Nilishuka Muhuru Bay kwa akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, ambao chumvi na jua vimewala nyayo. Nikimaliza kupaka mguu mmoja na kueleza, na kueleza kwangu hakukuwa kufupi, mtu anatembea hatua chache, anasimama, anatazama chini mguu huu, anatazama ule, kama mtu aliyezaa mapacha wasiofanana. Halafu anarudi. Nilipendwa. Nikifika soko, wanawake wananiita, "Mzee wa mguu mmoja, kuja hapa!" Wageni walidhani mimi ni kilema.

Duka la nguo lililo karibu na stendi hapa Migori ni la Mwislamu mmoja aliyetoka Mombasa miaka mingi iliyopita. Ni rafiki yangu. Katoni zangu alikuwa ananiwekea nyuma ya majora ya vitambaa. Yeye alinionya mapema.

"Mzee wangu," alisema, "wewe hii kazi unaipenda kupita kiasi. Juzi umekaa na yule mama hapo barazani tangu asubuhi. Amenunua kopo, ameaga, na wewe bado unamweleza."

"Nilikuwa sijamaliza."

"Yeye alikuwa amemaliza!"

Basi, twende Homa Bay.

Mama mmoja muuza samaki alinikaribisha kwake nifanye maonyesho. Aliita majirani, akatandika mkeka, akaweka beseni la maji ya vuguvugu. Walikuja wengi. Nikasema nataka mtu wa kuanza naye. Wakasukumana, wakacheka, mwishowe wakamtoa mmoja mbele, mwanamke mnene, uso mchanga, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani. Alikuwa amekuja kutembea tu, hakuwa wa mtaa ule. Nikamwambia, "Kaa, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu. Nilimwita mtoto wangu mbele ya watu.

Nikauosha mguu wa kulia. Nikaupaka. Nikaukanda kidole kimoja kimoja, na huku nikieleza kwamba kidole kidogo kina mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye nyonga, jambo ambalo hata leo sijui nililitoa wapi. Wanawake walikuwa wanakunywa maneno. Nilikuwa katika siku yangu bora. Katikati ya raha hiyo, yeye mwenyewe akaniuliza kwa upole tu:

"Na wewe baba, nyumbani ni wapi?"

"Migori," nikasema. "Lakini hapa pia ni kwetu. Nimeoa hapa."

"Umeoa kwa nani?"

Nikamtajia boma.

Mguu uliondoka mikononi mwangu kama kambare. Yule mwanamke alisimama ndani ya beseni. Akajifunika uso kwa kile kitambaa cha chungwa. Akapiga kelele moja ambayo ilifanya mbwa watatu wa jirani wabweke kwa pamoja, kisha akatoka mbio, mguu mmoja unateleza, mwingine umeshika, akawa anakimbia kwa kupinda, kama gari lililopasuka gurudumu. Mwenye nyumba alishika kichwa.

"Huyo," aliniambia taratibu, "ni mke mdogo wa marehemu ndugu mdogo wa baba mkwe wako. Huyo ni maro wako, mzee. Na umemwita mtoto."

Mikono yangu ilikuwa juu, yote imepakwa mafuta. Sikujua niifute wapi. Kuifuta kwenye suruali niliona kama ni kwenda nayo nyumbani.

Mashemeji zangu waliniita. Kosa la namna hiyo lisiposafishwa linaleta chira, mkosi ambao unamkondesha mtu, au mtoto, au ng'ombe, hauchagui. Kwa hivyo walikaa kikao, na shemeji yangu mkubwa, mzee wa fimbo na koti zito hata jua likiwaka, ndiye aliyeniuliza maswali.

"Ulishika mguu gani?"

"Wa kulia."

"Mpaka wapi?"

"Kwenye kifundo."

"Chini ya kifundo au juu ya kifundo?"

Nikasema kwenye kifundo chenyewe. Wakagawanyika. Kuna waliosema kifundo ni cha mguu, na kuna waliosema mguu unaanza juu yake, hapo chini ni unyayo tu, na unyayo unakanyaga hata mavi ya ng'ombe, kwa hivyo hauna heshima kubwa. Mzee mmoja aliuliza kama kosa la mguu mmoja ni kosa zima au nusu. Mwingine akauliza, je, huo mguu wa pili uliobaki, si umedharauliwa? Walibishana mpaka chai ikapoa. Nilitaka kuchangia, nilikuwa na hoja nzuri sana juu ya kifundo, lakini shemeji aliinua fimbo.

"Wewe unyamaze. Ni mdomo huo ulioleta huo mkono."

Mwisho tulipewa manyasi, dawa ya miti ya kusafisha, mimi kivyangu na maro kivyake. Chungu! Nilipoinywa nilifikiri, hii mtu akiwa na maneno mazuri anaweza kuiuza. Sikusema kwa sauti.

Kusafishwa nilisafishwa. Biashara ndiyo haikusafishwa. Habari ilinitangulia kila mahali. Nikikanyaga soko la Homa Bay, wanawake walikalia miguu yao. Sikudanganyi. Safu nzima ya wauza nyanya, ninapopita, leso zinashuka mpaka chini, miguu inaingia chini ya makalio, kama kobe wanaoona mwewe. Aliyekubali kunisikiliza alitaka kwanza nitaje ukoo wangu, na wa mke wangu, na wa mama wa mke wangu, na Wajaluo wakianza kutafutana hivyo hawakosi kupatana. Jioni inafika tumegundua kwamba mimi ni mjomba wa mtu, na kopo halijafunguliwa. Hata Macalder walisikia. Mchimbaji mmoja aliniambia, "Mzee, mimi ni mwanaume, lakini sitaki kujua kama ni mama mkwe wako."

Nikarudi Migori, nikakaa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu watu walidhani ninahuzunika kwa ajili ya pesa. Watoto wetu ni wakubwa, wanatukumbuka. Ugali haukukosa. Nilichokosa ni mtu wa kunisikiliza. Kwa muda ule wa mafuta nilikuwa nimezoea kuamka na kujua kwamba leo, mahali fulani, mtu ataketi, atanipa mguu, na mtu aliyekupa mguu hawezi kuondoka katikati ya hadithi. Sasa nilikuwa nazungumza na kuku. Rafiki yangu wa duka alianza kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari kila aliponiona nakuja.

Mama wa suti alipiga simu. "Mzee wangu, umelala? Amka! Anza upya! Biashara ni kuanguka na kusimama!"

Nikamwambia sikuanguka mimi, nusura aanguke maro wangu. Hakuelewa. Hakuwa mtu wa huku.

Nilimuuliza rafiki yangu wa duka kama nianze tena au niache. Alifikiri, akapima kitambaa cha mteja, akakata, akasema, "Uza kitu kisichoguswa. Uza vocha za simu."

"Vocha nitaielezaje?"

"Ndiyo maana nimekwambia vocha."

Mke wangu yeye alikuwa hasemi kitu. Ni Msabato, mtu wa maneno machache, na Jumamosi yanapungua zaidi. Katoni zilikuwa zimehamia chumbani kwetu, anazipanda kwenda kitandani kama mtu anayepanda kilima, na hasemi. Siku moja alirudi kutoka kwao, akavua viatu, akasema:

"Maro wako anavaa gambuti."

"Yupi?"

"Wa mguu."

Ikawa hivi. Mguu wa kulia wa yule mwanamke ulikuwa umepona kwa kupakwa ile mara moja, au yeye aliamini hivyo. Wa kushoto ulibaki magaga. Akitembea anasikia tofauti. Akilala, mguu mmoja unamkwaruza mwenzake. Alikuwa amevaa gambuti ili asiione, jua lote lile, na watu walikuwa wanamuuliza kama anakwenda shamba la mpunga. Mafuta anayataka. Kutoka kwangu hawezi kuyapokea. Wauzaji wengine hawafiki huko.

"Kwa hivyo nitampelekea mimi," mke wangu alisema. "Kwangu yeye ni mama. Mama nampaka miguu bila shida. Na wengine wamesema niwapake."

"Wengine?"

"Wote waliokuwa wamekalia miguu."

Nikamwambia haiwezekani, yeye hajafundishwa, hii kazi ina maneno yake. Akaniuliza ni yapi. Nikaanza. Nilikuwa bado sijafika kwenye mshipa wa kidole kidogo, jirani yetu mama wa mboga akaingia uani kuomba moto. Mke wangu akachukua kopo, akamwambia, "Haya ni mafuta ya miguu. Yanatoa magaga. Ukitaka, yako hapa." Akanyamaza. Mama wa mboga akasema, "Nipe moja."

Aliondoka na kopo na moto, na sisi tukabaki tunatazamana. Yaani kuku walinyamaza.

Nitakuwa mkweli. Kikao cha mashemeji hakikuniumiza kama hilo. Maana kama mafuta yanauzika kwa maneno ya kujaza kijiko tu, basi yale mengine yote niliyoyasema Macalder na Muhuru Bay yalikuwa ya nini? Watu walikuwa wananisikiliza, au walikuwa wananisubiri? Nililala na hilo swali. Nikaamka nalo. Kwangu sasa haikuwa tena kuanza biashara au kuacha. Mke wangu alikuwa ameshaanza, amefunga makopo kwenye mfuko wa kiondo. Swali lilikuwa kama mimi nina kazi yoyote ndani yake, au nibaki na kuku.

Asubuhi akiwa mlangoni akasema, "Unakuja au hauji?"

"Kufanya nini?"

"Kuzungumza."

"Si umeona hayahitajiki?"

"Mimi sijasema yanahitajika. Nimeuliza unakuja."

Nikavaa viatu.

Kule Homa Bay shemeji mkubwa alikuwa ameshaweka masharti. Wanawake watakuwa ndani ya jiko la nje, lile la matope lenye dirisha dogo la moshi. Mke wangu atakuwa ndani nao. Mimi nitakaa nje, nyuma ya ukuta, mgongo kwa ukuta, uso kwa ziwa. Kuzungumza naruhusiwa. Kugeuka siruhusiwi. Na yeye mwenyewe, na koti lake na fimbo yake, akaketi mbele yangu kwenye kiti, magoti yetu yanakaribia kugusana, kusimamia macho yangu.

"Ukigeuka nitakupiga," alisema.

"Shemeji, nitageukaje na umenizibia njia?"

"Ninakwambia tu."

Basi nikaanza. Umewahi kueleza juu ya miguu ya wanawake huku unamtazama shemeji yako mzee usoni? Kila nikisema kisigino, anakunja uso. Nikisema kidole, anatazama viatu vyake. Nikasema juu ya Muhuru Bay na chumvi. Nikasema juu ya mshipa. Ndani nilisikia maji yakimwagwa, kicheko kimoja, kisha sauti ya mke wangu ikisema yale maneno yake ya kijiko. Kisha vifuniko vya makopo. Vifuniko vingi. Nikajua wamenunua. Hata hawakungoja nimalize habari ya Macalder, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia, nilikuwa kwa mchimbaji mmoja aliyeosha miguu baada ya kupakwa, akaona ndani ya beseni kitu kinang'aa, dhahabu iliyokuwa imejificha kwenye magaga yake miaka yote, akaliinua lile beseni kwa mikono miwili, akatoka nalo nje...

Nikanyamaza. Ya nini? Nilisikia watu wanainuka, mkeka unakunjwa. Shemeji alikuwa ananitazama. Nikamwambia, "Imeisha, tunaweza kwenda." Nikaanza kutafuta kofia.

Kisha nikasikia sauti, si ya mke wangu. Ilikuwa sauti changa, na haikuniambia mimi, kwa sababu haifai. Ilimwambia mke wangu, lakini kwa nguvu, ili ukuta usikie.

"Wewe binti yangu. Muulize huyo mume wako, yule mchimbaji hayo maji aliyamwaga wapi?"

"Wamekuuliza maji yalimwagwa wapi," mke wangu akarudia dirishani, kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu siku ya harusi.

"Si mmeshanunua?" nikaliambia ziwa.

"Tumenunua zamani!" akajibu mwingine ndani. "Mkeka tumeutandika tena. Aseme, la sivyo tunarudisha makopo!"

Nikamtazama shemeji. Fimbo ilikuwa imelala chini. Alikuwa ameinama mbele, mkono umezunguka sikio, na uso wake umebadilika kabisa.

"Wewe," alisema kwa ukali, "unaulizwa kitu. Aliyamwaga wapi?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikuwa bado sijafika hapo. Nikarudisha kofia chini, nikavuta kigoda mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikawaambia wangoje, kwanza lazima niwaeleze huyo mchimbaji alikuwa mtoto wa nani.